Merikebu Haikaguliwi Kutoka Kwa Vonza

Mwaka juzi nililipwa shilingi 2,400 kumfundisha mtu wa ng'ambo jinsi ya kukagua yoti ya matanga iliyotumika kabla hajainunua. Wakati huo nilikuwa sijawahi kuona bahari. Nilikuwa chumbani kwangu hapa Kwa Vonza, stima ikienda na kurudi, na maji yaliyokuwa karibu nami yalikuwa ya jerikeni, lita 20, yameletwa na punda.

Anayepajua hapa anaelewa. Kwa Vonza ni chuo, hosteli, vibanda vya chapo madondo, na mto Mwitasyano, ambao miezi mingi ni barabara ya mchanga. Ukitaka maji yake unachimba shimo na kungoja. Nilikuja kusoma, nikafika mwaka wa tatu, karo ikaisha kabla ya masomo. Sikurudi nyumbani. Kodi ni rahisi, mama wa kibanda ananikopesha, na mtandao unashika. Nikaingia kwenye hasla ya kuandika: mtu ambaye hutawahi kumwona anakutumia kichwa cha habari na idadi ya maneno, wewe unaandika Kiingereza safi, yeye anaweka jina lake. Wiki moja ni magodoro, wiki nyingine ni meno ya mbwa. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya yoti.

Na nisijidharau, niliandika vizuri. Nilisoma siku mbili karibu bila kulala. Nikajua kwamba boti hizi za kiwandani hazijengwi ubao kwa ubao. Mwili hutengenezwa ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka la faiba iliyoloweshwa gundi, halafu ndani yake hubandikwa fremu nyingine ya faiba iliyotengenezwa kando, ndiyo inayoupa mwili nguvu. Chini kabisa kuna mkuku, chuma au risasi ya uzito wa tani nzima na zaidi, unaoshikiliwa na bolti zinazopenya sakafu. Huo mkuku ndio unaoizuia yoti kupinduka upepo ukilalia tanga.

Basi nikamwambia msomaji wangu: chukua nyundo ndogo ugonge mwili mzima. Sauti ikiwa kali, kuko sawa. Ikiwa butu, matabaka yameachana. Tafuta nyufa nyembamba pale mkuku unapokutana na mwili, hasa upande wa nyuma. Kanyaga sitaha, ikibonyea, maji yameingia katikati. Fungua sakafu uangalie bolti kama zinatoa kutu. Uliza kama imewahi kugonga chini, kisha usiamini jibu. Ni kama kununua pikipiki ya mtu: rangi mpya ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Mteja alifurahi. Alitaka kitu kimoja tu kiongezwe, sentensi ya kumwambia msomaji kwamba akifuata hatua hizi hana haja ya kumlipa mkaguzi, pesa hizo abaki nazo. Nikaiongeza. Haikunichukua dakika moja.

Wiki mbili baadaye alinipa kazi nyingine, safari hii juu ya bima za yoti, na nikitafuta tafuta nikakutana na jina lililonisimamisha kwa sababu nusu yake ni Kiswahili: Cheeki Rafiki. Ilikuwa yoti ya Waingereza, ya kiwandani, futi 40 hivi, aina inayouzwa na kuuzwa tena kila mahali. Mwezi wa Mei 2014 ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Antigua, ndani yake wanaume wanne. Katikati ya Atlantiki wakaripoti kwamba maji yanaingia na hawajui yanatokea wapi. Kisha kimya. Meli ya jeshi la Marekani ilikuja kuikuta imepinduka, mkuku haupo, na rafu ya kujiokolea ingali imefungwa mahali pake. Wale wanne hawakupatikana kamwe.

Idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini ilitoa ripoti mwaka 2015. Niliisoma yote, usiku mmoja. Yoti hiyo ilikuwa imewahi kugonga chini zaidi ya mara moja, migongano iliyohesabiwa kuwa midogo, na ilikuwa imetengenezwa. Wachunguzi waliona kwamba huenda migongano hiyo pamoja na matengenezo yake ndiyo iliyodhoofisha mahali pa mkuku. Lakini kilichonikaa kooni ni jambo jingine. Walisema kwenye boti za aina hii, ambazo fremu imebandikwa kwa gundi, fremu inaweza kuachana na mwili na usiweze kuona kwa macho. Waweza kupiga magoti, ufungue sakafu, umulike tochi, na uone kila kitu kizuri.

Nikarudi kwenye sentensi yangu. Ilikuwa imeshachapishwa, chini ya jina la mtu mwingine, na picha nzuri ya machweo.

Mimi nikiwa na hatia huwa nasoma historia. Wengine hunywa. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza aliyelipwa kusema chombo cha baharini ni kizima, na alijuaje.

London, karne ya 18, kulikuwa na watu wenye shida inayofanana na yangu kabisa. Walikuwa wakikaa mkahawani, wakiandika bima za merikebu ambazo hawakuziona. Mwaka 1760 wakaunda chama, kinachoitwa leo Lloyd's Register, wakaanza kutuma wakaguzi. Matokeo wakayaweka kwenye kitabu, na kile cha zamani kilichosalia, cha miaka ya 1764 hadi 1766, kinapanga miili ya merikebu kwa irabu: A, E, I, O, U. A ni nzima. U usipande. Nilicheka peke yangu usiku, kwa sababu ndiyo nyimbo yetu ya nasari, a-e-i-o-u, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kuna mabaharia waliokufa kwenye herufi ya mwisho.

Kitabu hicho kilisaidia, lakini bima ilizaa ujanja wake. Kufika karne ya 19 kulikuwa na wenye merikebu waliozipeleka baharini zikiwa zimeoza, zimebebeshwa kupita kiasi, kwa sababu hata zikizama wanalipwa. Watu waliziita majeneza. Samuel Plimsoll, mbunge mmoja mwenye hasira, alipigana nao mpaka sheria ya 1876 ikalazimisha merikebu kuchorwa alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kubebeshwa. Alama hiyo bado iko kwenye kila meli ya mizigo inayoingia Kilindini. Baharia asiyejua kusoma anaweza kusimama gatini na kuiangalia.

Lakini hayo ni ya London. Nilitaka ya kwetu, na ya kwetu yalinipeleka New York.

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iitwayo Sultana iliingia bandari ya New York ikitoka Zanzibar. Ilikuwa ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na aliyeiongoza kama mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Wanahistoria humtaja kuwa mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Watu walijaa gatini kuwatazama mabaharia. Ndani mlikuwa na magunia 1,300 ya tende, mazulia, kahawa ya Mokha, karafuu na sandarusi za Zanzibar, ngozi, na pembe za ndovu 108. Zawadi za Rais Martin Van Buren zilikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, lulu na upanga wenye dhahabu. Rais hakuruhusiwa na katiba kuzichukua zikawa zake, Bunge likajadiliana, farasi wakaishia mnadani. Hii ndiyo stori ambayo kila mtu husimulia, na ni tamu kweli.

Mimi nilikwama pengine. Sultana ilifika mwisho wa Aprili na haikuondoka hadi tarehe 9 Agosti. Siku 101. Kwa nini merikebu ya biashara ilale bandarini siku 101 wakati shehena ya kupakua si kubwa hivyo?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba ilikuwa imechoka. Ilijengwa Bombay mwaka 1833, na Bombay ya wakati huo ilisifika kwa merikebu za msaji, mbao ambazo maji ya chumvi huzikuta ngumu. Ilikuwa na miaka saba tu. Lakini safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata Atlantiki haihesabu miaka. Ilihitaji matengenezo makubwa kabla ya mtu yeyote mwenye akili kuirudisha baharini. Serikali ya Marekani ikaamua kuitengeneza kwa pesa yake yenyewe, kwenye gudi la jeshi la majini pale Brooklyn. Haikuwa sadaka. Mkataba wa biashara kati yao na Sayyid Said ulikuwa umetiwa saini 1833, mwaka ule ule iliojengwa merikebu, na wafanyabiashara wa Salem walikuwa wanataka pembe na sandarusi zaidi.

Fikiria sasa upo pale. Wewe ni seremala wa Kimarekani, unaletewa merikebu usiyoijenga, iliyofungwa kamba usizozijua, na mwenyewe ni mgeni wa Rais. Utasema nini ukikuta mbao imeoza? Na wewe Ahmad bin Na'aman, wakikuambia ni nzima, utajuaje kwamba hawakufurahishi tu? Katika masimulizi niliyosoma, balozi ana jina, Rais ana jina, hata mchoraji aliyemchora balozi ana jina, Edward Mooney. Waliotambaa chini ya Sultana wakichokoa mbao kwa ncha ya chuma hawana. Ila merikebu ilivuka bahari zote zile tena, ikafika Zanzibar kabla ya mwaka kuisha. Hiyo ndiyo hati yao.

Kabla mtu hajaniuliza mimi na Kitui tunahusika wapi: kwenye pembe. Miaka hiyo Wakamba ndio walioshika njia ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, misafara ya mamia ya watu ikishuka na kupanda. Mkubwa wao alikuwa Kivoi, wa Kitui hapa hapa. Ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kutoka kwenye vilima vya Kitui, tarehe 3 Desemba, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa karibu na mto Tana 1851, akiwa safarini na Krapf huyo huyo. Pembe zilishuka; kilichopanda kilikuwa kitambaa cha Wamarekani, mpaka leo kinaitwa merikani. Mtu wa Kitui alivaa nguo iliyovuka Atlantiki bila yeye kuijua merikebu iliyoileta. Mimi natuma maneno, dola zinaingia kwa simu. Njia ni ile ile, mizigo ndiyo imepungua uzito.

Mwezi wa Agosti nikapanda gari, Kitui, Mutomo, Kibwezi, Mombasa. Mjomba wangu ni mchongaji, anafanya kazi Changamwe. Kwao ni Wamunyu, ambako uchongaji huu ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nilimweleza mjomba stori yote ya yoti, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alisema anamjua mzee mmoja Mtwapa, fundi wa vyombo, humnunulia vipande vya mbao vilivyobaki.

Tulifika maji yakiwa yametoka. Kwenye matope kulikuwa na jahazi limesimamishwa kwa magadi, na nilichelewa kuelewa, maana magadi niliyoyajua mimi ni ya kupikia maharagwe. Haya ni magogo ya kuegemeza chombo pwani kisilale ubavu. Nyuma yake, juu ya nchi kavu, kulikuwa na yoti nyeupe ya faiba, nyasi zimeota chini yake, kibao cha kuuzwa kimefifia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kuandika?"

Siku hiyo kulikuwa na mtu anataka kulinunua lile jahazi, la kutembezea watalii, na mzee alikuwa ameitwa kulitazama. Nilimfuata nyuma kama mkia. Kwanza alimwuliza mwenye chombo, kwa upole, hufuliwa maji mara ngapi kwa usiku. Swali hilo sikuwa nalo kwenye makala yangu, kwa sababu yoti ya faiba haitakiwi kuingiza maji kabisa. Chombo cha mbao huingiza. Swali ni kiasi gani. Mwenyewe akajibu, mara mbili. Mzee akashuka ngamani, pale chini maji yanapokusanyika, akakaa kimya, kisha akatoka na kopo la kufulia maji. Akanionyesha mpini wake. Ulikuwa umelainika na kung'aa kama mpini wa jembe la bibi yangu.

"Mara mbili," akasema, akalirudisha.

Sasa ndiyo nikaelewa ile methali niliyoiandika kwenye insha za shule bila kuijua, tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilidhani ngama ni kitu cha ushairi.

Alipita chini ya chombo kutoka omo hadi tezi. Aliangalia mistari ya kutu inayoshuka kwenye vichwa vya misumari. Alichokoa kalafati, zile pamba zenye mafuta zinazopigiliwa katikati ya mbao, akazivuta kidogo kwa kucha. Zilizo hai zinakataa kutoka. Alikwangua deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini kuzuia wadudu wa bahari wanaotoboa mbao, kutafuta vishimo. Alisema zamani, na mahali pengine hadi leo, watu huwasha makuti makavu chini ya mashua kuwachoma wadudu hao. Kisha akaanza kugonga. Taruma moja baada ya nyingine, na mbao zilizopigiliwa juu yake.

Nikamwambia hiyo ya kugonga naijua, nimeiandika. Akanipa nyundo.

Niligonga. Tu, tu, tu. Nikasogea, tu, tu. Ningekula kiapo sauti zote ni moja. Mjomba, ambaye hajui kuogelea na alikuwa amesimama mbali akilinda viatu vyake na matope, akasema, "Hapo nyuma. Rudia hapo." Nikarudia. "Hiyo imekufa," akasema. Mzee akaingiza ncha ya kisu, ikazama hadi nusu bila kubishana. Miaka 30 ya kugonga mpingo na mhugu kutafuta ufa kabla ya kupoteza wiki nzima kuchonga twiga atakayepasuka. Hiyo ndiyo iliyosikia.

Nilimwomba mzee anitazamie na ile yoti. Alikwenda, kwa heshima tu nadhani. Aliigonga mara tatu, akaweka kiganja chake mahali mkuku unapokutana na mwili, akanirudishia nyundo.

"Hii siijui. Mbao ikioza yaniambia. Hii imebandikwa, na aliyeibandika hayuko hapa."

"Kwa hivyo hapa utafanyaje, mzee?"

"Nitamwita ajuaye. Na ajuaye akisema hajui, sipandi."

Mnunuzi hakulichukua jahazi siku hiyo. Walianza kubishana bei upya, taruma mbili za kubadilishwa zikihesabiwa, na sisi tukaondoka maji yakianza kurudi.

Usiku huo, Changamwe, nilimwandikia mteja. Nilimwomba aondoe ile sentensi ya kutomlipa mkaguzi. Nikamweleza kuhusu fremu inayoweza kuachana bila kuonekana, nikamwekea na ripoti. Nilijitolea kuandika aya nyingine bure. Alijibu baada ya siku tatu, kwa adabu. Makala inafanya vizuri, alisema, watu wengi wanaisoma, na sehemu hiyo ndiyo wanayoipenda zaidi. Nilimwandikia tena mara mbili. Tangu hapo hajanitumia kazi, na sentensi bado iko. Huwa naiangalia kila baada ya wiki chache kama mtu anayepita mlango wa anayemdai.

Asubuhi kabla sijapanda gari la kurudi, mjomba alikuwa ameshaanza kazi, kipande cha mhugu katikati ya miguu. Aliniuliza kama yule mtu amekubali. Nikamwambia bado.

"Na waliokwisha kununua?"

"Siwajui, mjomba. Hata majina."

Akagonga kile kipande kwa kishoka, akasikiliza, akakigeuza, akagonga upande wa pili.